Vidole vya punda viko wapi?

Ndugu, umeuliza: kama punda ametokana na mnyama wa vidole vingi, hivyo vidole vimekwenda wapi? Alama zake zipo. Ukiwa Lamu, mshike punda mguu wa mbele (aliyetulia, si yule wa mateke), umpapase chini ya goti, nyuma ya mfupa mkubwa. Utagusa vijifupa viwili vyembamba, kila upande kimoja, vinavyochongoka na kuishia kabla ya kifundo. Hivyo zamani vilishika vidole vya pembeni. Ukwato wenyewe ni ukucha wa kidole cha kati! Mesohippus, jamaa yake wa kale anayejulikana kwa visukuku (mabaki yaliyogeuka mawe) vya Marekani, alikuwa na vidole vitatu kila mguu.