Vitenzi elekezi vya Kireno: anza na kiima

Mwalimu, umeuliza kwa nini wanafunzi wako wa darasa la saba huko Brazili wanakosea shamirisho (kitu kinachotendwa, ambacho kitenzi elekezi hukihitaji) hata baada ya kukariri swali la "o quê?" (nini?). Tatizo ni swali lenyewe. Kwenye "Chegou o ônibus" (Basi limefika) mtoto anauliza "chegou o quê?", anajibu "o ônibus", anaandika shamirisho. Kumbe hicho ni kiima (mtenda) kilichokaa nyuma ya kitenzi! Watafute kiima kwanza, kila mara.

Kisha wageuze sentensi iwe ya kutendwa: "Ana leu o livro" (Ana alisoma kitabu) inatoa "O livro foi lido por Ana" (Kitabu kilisomwa na Ana). Wakijaribu "O ônibus foi chegado" (Basi lilifikwa) watacheka wenyewe, na hapo wameshaelewa. ("Ter", yaani kuwa na, haikubali jaribio hili ingawa ni elekezi, waambie mapema.)

Kuweka kiwakilishi "o" au "a" mahali pa shamirisho ni njia nzuri pia, ila watoto hao nyumbani husema "comprei ele" (nilikinunua) kwa "ele" badala ya "o", kwa hiyo usianze nayo. "Gostar de" (kupenda) iwepo ubaoni kwa kulinganisha, waone kitenzi kinachofuatwa na kihusishi "de". "Assistir" (kutazama) iache kwanza: mtaani ni "assisti o filme" (nilitazama filamu), kitabu cha sarufi kinadai "ao filme", yenye kihusishi "a".