Swali la lugha: Mgonjwa si “hili”

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Niko mapokezi kwenye zahanati moja hapa Lindi mjini. Majuzi alikuja mgonjwa, kadi yake ina jina la kiume, mwenyewe amevaa dera na mtandio. Nikawa nasita nimwite kaka au dada. Mwenzangu akasema kwa sauti, “Hili nalo limetoka wapi?” Watu kwenye benchi wakacheka. Mgonjwa akachukua kadi yake akaondoka na homa yake. Nilipomlaumu mwenzangu alijitetea kwamba kisarufi hajakosea, eti mtu asiyejulikana ni mume au mke huitwa “hili”, na kwamba watu hao ni wagonjwa wa akili. Ni kweli? Na wanaitwaje kwa Kiswahili sahihi: mashoga, huntha, waliobadili jinsia au transjenda?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si kweli, na umefanya vizuri kumlaumu. Mwenzako amekosea sarufi kabla hata hatujafika kwenye adabu.

Kiswahili kina upatanisho mmoja kwa viumbe vyenye uhai: a- kwa mmoja, wa- kwa wengi. Hata jina likivaa umbo la ngeli nyingine, mwenye jina hahami. Tunasema kipofu ameketi, kiongozi amesema, waziri amefika. Wanyama nao wamo: mbuzi amekula mihogo, kuku wametaga. Sasa fikiri. Mbuzi akipita nje ya dirisha lenu, mwenzako atasema “mbuzi huyu katoka wapi?” Kisha binadamu aliyesimama mbele yake, mwenye homa, anamwambia “hili”.

“Hili” na “limetoka” ni lugha ya ukubwa, na ukubwa una mahali pake. Hadithi zetu zina majitu. Mtu mnene huitwa jibaba kwa mapenzi, kama vile mama anavyosema “kitoto changu kimelala” akibembeleza. Lakini mgeni asiyekuzoea, aliyekuja kutibiwa, ukimwita “hili” tupu mbele za watu, hakuna sifa yoyote unayoieleza. Umemtoa kwenye ngeli ya watu, basi. Wala hakuna kanuni inayosema mtu akitatanisha kama ni mume au mke ahamishwe ngeli. Haiwezekani iwepo, kwa sababu a- haijawahi kuuliza jinsi ya mtu. “Anaumwa” anaweza kuwa bibi, babu, au kichanga ambaye hujamfungua nepi. Kiingereza na Kiarabu humlazimisha msemaji achague kiwakilishi cha kike au cha kiume, ndiyo maana huko Uingereza na Marekani watu wanagombana juu ya viwakilishi. Sisi mzigo huo hatuna, na Wamakonde, Wamwera na Wayao hawana pia katika lugha zao. Mwenzako alikuwa na “huyu” mdomoni, neno linalomtosha kila mtu, akaliacha makusudi. Benchi lilielewa, ndiyo maana likacheka.

Nalikazia jambo hili kwa sababu tumeliona likianza hivihivi kwa watu wengine. Miaka ya 2000 nchi hii ilishuhudia watu wenye ualbino wakikatwa viungo na kuuawa. Waliowawinda walikuwa na jina lao kwa binadamu hao: “dili”. Dili ni kitu cha kununua na kuuza, kinachukua i- na zi-, hakina mama wala watoto. Leo tunasema “mtu mwenye ualbino”, kama tunavyosema “mtu mwenye ulemavu” na “mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI”. Makundi mengi yaliyodai haki zao katika lugha hii yalidai kwanza neno moja, mtu, litangulie mbele ya hali yao. Waliobadili jinsia hawaombi kingine. Hawajatunga haki mpya ya peke yao. Wanaomba ileile aliyoiomba kiziwi, mgane, mjane, mgeni wa kabila lingine.

Na Katiba yetu ya 1977 imeandikwa kwa Kiswahili hichohicho. Ibara ya 12 inasema: “Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa.” Kisha: “Kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake.” Kila mtu. Mwandishi wa ibara hakuongeza masharti ya mavazi. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na mwaka 2000 neno jinsia likaongezwa kwenye orodha ya mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo. Najua sheria zetu nyingine ni kali juu ya mambo ya kujamiiana, na najua wasomaji wengi wana msimamo wa dini. Hayo yana mjadala wake. Mgonjwa kuitwa “huyu” hakuhitaji mjadala.

Sasa majina uliyoyauliza. Shoga, huku pwani, ni rafiki wa kike wa mwanamke: “Shoga yangu kaniazima kanga.” Siku hizi limefunikwa na maana ya mwanamume anayependa wanaume, mara nyingi kwa matusi. Hata kwa maana hiyo linahusu mtu anampenda nani. Mgonjwa wako hakuja kukueleza anampenda nani. Huntha ni neno la Kiarabu lililotujia na vitabu vya fikihi, yaani sheria za Kiislamu, hasa milango ya mirathi; ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo wazi kuwa ya kiume au ya kike. Kenya iliwahesabu watu hao katika sensa ya 2019, ikapata 1,524. Huwezi kumjua huntha kwa kutazama dera.

“Aliyebadili jinsia” utalisikia kwenye idhaa za redio, na si kosa. Ila wengi wanaohusika hawalipendi sana, maana wanasema hawajabadili kitu. Ndivyo walivyojijua tangu utotoni. Wanaharakati wa Kenya, na sasa wa hapa kwetu, wanatumia transjenda. Mimi nalikubali. Kama tulikubali transfoma ya umeme, ulimi wetu hautashindwa na hili. Mwanamke transjenda ni yule aliyezaliwa akaandikwa mvulana, naye anajitambua na kuishi kama mwanamke.

Kuhusu ugonjwa wa akili: Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa mwaka 2019, ikaanza kutumika Januari 2022, na hali hii ikaondolewa kwenye sura ya maradhi ya akili. Mtu wa zahanati anapaswa kulijua hilo kuliko mimi mwalimu wa lugha.

Kaka au dada? Hapo ndipo Kiswahili kinapobana, maana majina ya udugu yana jinsi. Lakini tunalo “ndugu”. Nenda kwenye mkutano wa chama cha msingi cha korosho kule Tandahimba, usikilize: Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, awe mama awe baba. Kwenye dirisha lako sema “Ndugu, karibu,” kisha umuulize polepole, “Tukuite nani?” Atakalokutajia, mwite hilo. Huku Kusini jambo hilo si geni. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua wengi, mtoto akitoka jandoni au unyagoni hupewa jina jipya, na ukimwita kwa lile la utotoni umemtukana; wazee watakutoza. Sisemi kwamba jando linahusu mambo ya transjenda. Jando ndilo linalotenganisha wavulana na wasichana, tena kwa nguvu. Nasema tu kwamba kumwita mtu kwa jina analojitambua nalo sasa ni adabu tuliyolelewa nayo.

Imebaki kadi. Usifute jina lililomo wala kubadili Me kuwa Ke. Kenya, mwaka 2014, Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, cheti chenye jina lake jipya kisicho na alama ya jinsi. Botswana mwaka 2017 mahakama iliamuru kitambulisho cha mwanamume transjenda kirekebishwe alama ya jinsi. Kwetu utaratibu wa namna hiyo haujawekwa, na kadi isiyolingana na kitambulisho itamsumbua mgonjwa kwenye bima na maabara. Liache jina la kitambulisho, kando yake uandike kwa penseli jina analoitwa, ili anayemwita kwa daktari alisome hilo. Habari za maumbile yake aulizwe na daktari, ndani, mlango ukiwa umefungwa.