Nyanya zimenyauka zikiwa kijani? Usipande nakati hapo hapo

Dada yangu wa Kireka, hapo kando ya Kampala, umesema nyanya zako za nyuma ya nyumba zilikuwa zimeanza kushika matunda, afu mchana mmoja zikalala majani yakiwa bado kijani kabisa, ukashauriwa upige dawa ya ukungu, ukapiga, hazikuamka, na sa hivi unataka ung'oe zote uweke nakati manake nakati ni mboga ya majani ya kienyeji ya Uganda haisumbui. Nakuomba usiweke nakati hapo, ngoja kwanza nikueleze.

Hiyo dalili mi naijua vizuri, hapa kwetu Bombo, kaskazini ya Kampala, imemaliza nyanya za watu wengi na inaniuma kila nikiona mtu anapoteza hela kwa dawa ambayo haiwezi kusaidia. Mmea ukilala jua likiwa kali, jioni ukaamka kidogo, kesho ukalala tena, na majani hayana madoa wala hayajaanza kuwa manjano kutoka chini, mara nyingi huo ni mnyauko wa bakteria. Wanaishi kwenye udongo, wanaingia kwa mizizi hasa pale jembe limeikwaruza, wanaziba mishipa ya kupandisha maji, ndo unaona mmea una kiu na ardhi imelowa. Dawa ya ukungu inapigana na kuvu, hao bakteria haiwagusi. Na usiogope kwa ajili ya migomba yako, ule mnyauko wa migomba uliotokea Mukono 2001 ni bakteria wengine kabisa.

Lakini usiniamini tu, pima. Kata shina la mmea mmoja karibu na ardhi, kipande kama urefu wa kidole, ukifunge uzi ukining'inize kwenye glasi ya maji safi, sehemu ya chini iguse maji, usitikise. Subiri dakika chache. Ukiona kitu cheupe kinashuka taratibu kwenye maji kama moshi, basi ni wao.

Sasa kuhusu nakati. Nakati, nyanya, biringanya, ntula (nyanya chungu), pilipili, viazi vya Kizungu, hizi zote ni ukoo mmoja, na huo ugonjwa unatembea ndani ya ukoo. Ukipanda nakati pale itaota vizuri, utafurahi, ikifika wakati wa kuchuma inaanza kulala moja moja, na bakteria unakuwa umewalisha msimu mwengine tena. Hapo weka dodo (mchicha), sukuma, vitunguu, hata mahindi, na uache ukoo wa nyanya usirudi kwa miaka mitatu hivi, ikiwezekana zaidi, manake hao wanavumilia sana udongoni.

Zile zilizokufa ng'oa na mizizi yake uchome, usitupe kwenye shimo la mboji pamoja na maganda ya matoke, utakuja kuusambaza mwenyewe. Jembe ulioshe kwa sabuni na jiki kabla hujaenda nalo sehemu nyingine. Afu angalia maji ya mvua yanaelekea wapi, Kireka kuna miteremko, mvua ya mwezi wa nne ikitoka kwenye hiyo sehemu ikapita kwenye tuta la chini inabeba ugonjwa, chimba kamfereji uyapitishe pembeni.

Nakati yako na nyanya weka kwenye gunia, hii ndo njia naitumia mi na naipenda sana kwa watu wa plot ndogo. Tafuta udongo wa mahali ambapo hapajawahi kupandwa ukoo huo, changanya na samadi iliyooza (ya kuku ikiwa mbichi inaunguza mizizi, iache kwanza ilale wiki kadhaa). Katikati ya gunia simamisha kopo lisilo na kitako, lijaze mawe madogo, jaza udongo pembeni, vuta kopo juu, endelea hivyo mpaka juu, ile nguzo ya mawe ndo inapeleka maji chini, bila hiyo juu panalowa na chini pamekauka. Na tafadhali gunia liweke juu ya matofali au mabati, likikaa chini mizizi inatoboa inaenda kuchukua ugonjwa ule ule. Juu panda nakati, pembeni toboa matundu uweke sukuma. Sukuma itapata vidukari, geuza majani uwaoshe kwa maji ya sabuni kidogo mapema, basi.

Mbegu za nakati usinunue kila msimu. Acha mimea miwili mitatu yenye afya izae, matunda yakishakuwa mekundu yakamue, osha, anika kivulini, na siku ya kumwaga uchanganye na mchanga mkavu ili zisirundikane sehemu moja. Ukikosa za kuanzia niambie, mi ninazo, ntakufungia kwenye karatasi nimpe mtu wa taxi akuletee.