Kabla Hujaandika Sifuri: Kwa Vijana Mnaoingia Maabara ya Maji

Jumatatu nilisimama kando ya bomba nikimtazama kijana wetu mpya akichukua sampuli ya bakteria. Alivaa glavu, akafungua bomba, akaacha maji yatiririke dakika mbili tatu, yote kwa utulivu wa kupendeza. Kisha akafungua chupa iliyotoka kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, asubuhi ileile, akatia maji kidogo, akaitikisa, akamwaga. Akarudia. Mara tatu! Alipomaliza akanigeukia na uso wa mtu anayengoja kupongezwa.

Kinachouma ni kwamba hakuwa mvivu. Alifundishwa kuwa chupa ya sampuli husuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale yanayochukuliwa, na kwa chupa nyingi za kemia yuko sahihi kabisa. Ila hii ya bakteria huwekwa sodiamu thiosalfeti makusudi, ili izime klorini papo hapo. Ukiisuuza umeimwaga. Klorini itaendelea kuua vijidudu ndani ya chupa njia nzima hadi maabara, kesho yake sahani ya kuoteshea haitakuwa na koloni (kundi la bakteria lililoota) hata moja, na ripoti itasema maji ni safi. Kumbe tumepima maji yaliyojitibu ndani ya gari letu.

Kosa hili nimeliona kwa kila kundi jipya linaloingia, na mimi mwenyewe sikulikwepa. Basi leo naandika, tena kwa namba, mtu asije kuniambia hakuambiwa.

1. Chupa ya bakteria haisuuzwi.

Hilo tumelimaliza. Usiijaze hadi mdomoni, acha nafasi ya kutikisa. Kizibo hakilazwi chini, hakitiwi mfukoni wala hakibanwi kwa meno. Msicheke, nimeyaona yote matatu.

2. Sifuri ni jibu la kutiliwa shaka.

Hapa nivumilieni, maana hii hoja ina jeneza langu ndani.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa kwenye tangi la bweni la wanafunzi. Mafundi walikuwa wameliosha jana yake, wakalitia klorini ya unga kwa kipimo kile kikali cha kuua kila kitu, miligramu 50 kwa lita, wakaliacha usiku kucha. Alfajiri ilibidi walimwage lote, walijaze upya, halafu mimi nije nipime klorini huru, yaani ile iliyobaki na nguvu ya kuua, kabla ya valvu ya bwenini kufunguliwa. Kazi ya nusu saa. Bosi wangu, mama mmoja mpole wa maneno na mkali wa macho, alinikabidhi mkoba wa vipimo akasema, "Ukikwama nipigie." Nilijisikia nimetunukiwa nishani.

Nikafika saa moja asubuhi. Nikachota, nikatia kidonge cha DPD, kinachogeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi, kwenye kichupa, nikakisaga kwa kijiti. Maji yakawa ya waridi, tena waridi kali, kwa muda wa kupepesa jicho tu. Halafu rangi ikapotea, maji yakabaki maangavu kama hayajaguswa. Nikakitia kichupa kwenye fotomita, mashine inayopima ukali wa rangi. Ikasoma 0.0.

Nikaandika 0.0.

Ile waridi niliiona kabisa. Macho yangu yaliiona, kichwa kikasema "hiyo si kitu, mashine ndiyo inayojua." Nikamwambia mwendesha tangi, mzee wa makamo aliyefanya kazi ile kabla sijazaliwa, kwamba tangi halina klorini, aongeze. Alinitazama kidogo. Akasema, "Mwanangu, mbona hapa juu pananikaba koo?" Nikamjibu kwa sauti ya kitaalamu kuwa hiyo ni harufu ya jana iliyoganda ukutani. Harufu iliyoganda ukutani! Mpaka leo sijui nilikitoa wapi kitu kile.

Akaongeza. Nikapima. Waridi, ikapotea, 0.0. Nikaeleza kwamba maji haya "yanakula klorini", msemo niliouokota kwa wakubwa wiki hiyohiyo na nilikuwa na hamu ya kuutumia. Akaongeza tena. Waridi, ikapotea, 0.0. Mara ya tatu vilevile. Huku chini, fundi wa valvu akasikia kwa mbali kwamba klorini ni sifuri, akaona hakuna cha kungoja, akafungulia bweni.

Saa tatu nilipiga simu. Si kwa sababu nilishtuka, bali kuomba wanitumie vidonge vipya. Nilishaamua kuwa vyangu vimeharibika, na kwenye rasimu ya ripoti nilikuwa nimeandika "vidonge vimepitwa na muda." Sikuwa nimesoma tarehe kwenye boksi.

Yule mama alikuja mwenyewe. Hakugusa mkoba wa vipimo. Alipanda ngazi, akainua mfuniko wa tangi, akarudi nyuma hatua mbili akikohoa, akaniuliza, "Pua yako umeiacha nyumbani?" Kisha akavuta mililita 1 ya maji yale kwa pipeti, akaijaza hadi mililita 100 kwa maji yaliyokenekwa (yaliyosafishwa kwa mvuke), akachota humo, akatia kidonge kutoka kwenye boksi langu lilelile "lililopitwa na muda". Maji yakawa ya waridi. Tukasubiri. Waridi ikabaki. Mashine ikasoma 0.8. Zidisha kwa mia.

Miligramu 80 kwa lita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaweka kikomo cha 5.

Mnaojua mshaelewa tangu ile waridi ya kwanza. Klorini ikizidi mno, huibabua rangi ya DPD yenyewe. Rangi inazaliwa na kufa hapohapo, na mashine inayopima rangi inakuambia kwa uaminifu kabisa kwamba haioni rangi. Mashine haikudanganya. Iliulizwa swali la rangi, ikajibu la rangi. Valvu ya kumwagia ilikuwa imekwama, maji makali ya usiku yalibaki karibu yote, na mimi nikayaongezea makali mara tatu.

Bwenini wanafunzi walikuwa wamekwisha kuoga. Macho mekundu, koo zinawasha, na mpishi mmoja alikaa nje nusu siku akikohoa. Hakuna aliyelazwa, namshukuru Mungu kwa hilo hadi kesho. Mchana mlezi wa bweni alitushushia ndoo ya sketi za sare zilizolowekwa asubuhi, zimetoka na mabaka meupe kama ramani. Aliiweka miguuni pangu, si pa bosi wangu. Sijui alijuaje.

Nilingoja kufukuzwa. Mama yule alifungua daftari langu la kazi, akaniwekea kidole kwenye zile 0.0 nne, akauliza, "Uliona nini?" Nikasema niliona waridi ikapotea. "Imeandikwa wapi?" Haikuandikwa popote. Kisha akaomba lile boksi la vidonge, akanisomea tarehe kwa sauti. Vilikuwa na mwaka mzima mbele. Nilikosea kupima kwa ujinga, na ujinga una dawa. Kusingizia vidonge niliamua mwenyewe, na hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Kwa hiyo: ukipata sifuri mahali panaponuka klorini, punguza makali ya sampuli kwa maji yaliyokenekwa, upime tena.

3. Andika vipimio (miligramu kwa lita za nini), tena kwa ukamilifu.

Naitreti inaandikwa kwa njia mbili: kama naitreti yenyewe, au kama naitrojeni iliyomo ndani yake. Kikomo cha kwanza ni miligramu 50 kwa lita, cha pili ni kama 11, na vyote viwili ni kitu kimoja. Nilishuhudia maabara mbili zikigombana wiki nzima juu ya kisima kimoja: moja ina 9, nyingine ina 40. Barua zikaenda, zikarudi, zikaongezwa nakala kwa wakubwa. Siku ya tano karani wa mapokezi, ambaye si mkemia, akauliza kama hizo namba mbili ni za kitu kilekile. Zidisha 9 kwa 4.43 uone. Kikao kilifungwa kimyakimya na hakuna aliyemshukuru karani.

4. Blanki ni shahidi.

Blanki ni maji yasiyo na bakteria tunayoyapima pamoja na sampuli ili kujichunguza wenyewe. Sahani yake ikiota koloni, matokeo yote ya siku hiyo yamekufa, hata yale yaliyokupendeza. Usiniletee maelezo, niletee sampuli mpya.

5. Kuosha vyombo si adhabu.

Najua mnalalamika jikoni kwamba mmesoma miaka mitatu ili mje kusugua chupa. Haya. Kuna binti mmoja, sasa ni mchambuzi hodari kunishinda, aliwahi kutupatia fosfeti kwenye kila sampuli ya mto, ya kisima, ya bomba, na mwisho kwenye maji yetu yaliyokenekwa. Tuliutafuta mto mchafu siku mbili. Ilikuwa sabuni ya kuoshea vyombo. Vyombo vya fosfeti huoshwa kwa asidi na kusuuzwa kwa maji yaliyokenekwa, na sabuni yenye fosfeti haikaribii sinki hilo. Hali kadhalika glavu zenye unga unapopima zinki: unga huo unaweza kuwa na zinki yake mwenyewe. Anayeosha vyombo ndiye wa kwanza kushika matokeo yetu yote.

Yule binti alibandika ganda la ile sabuni juu ya meza yake. Lipo hadi leo, na mtu mpya akiliuliza humsimulia kisa chote bila aibu, akiigiza na sauti yangu nikipiga kelele. Sipigi kelele hivyo.

6. Haya ya harakaharaka.

Elektrodi ya pH haihifadhiwi kwenye maji yaliyokenekwa, iweke kwenye myeyusho wake wa kloridi ya potasiamu. Kalibreti, yaani isahihishe, kwa bafa (myeyusho wenye pH inayojulikana) mbili zinazoizunguka sampuli yako, si moja. Futa kichupa cha tabiditi, kipimo cha ukungu wa maji, kabla ya kukiingiza, alama ya kidole inasomeka kama tope. Sampuli ya metali itie asidi ya naitriki hadi pH ishuke chini ya 2, ila usiniletee chupa hiyo uniombe nipime naitreti ndani yake, maana asidi hiyo yenyewe ni naitreti. Ndiyo, yupo aliyeniomba. Sampuli ya bakteria iwe kwenye baridi bila kuganda, iingie kazini ndani ya saa 6 ukiweza, na ikipita saa 24 imwage.

Pipeti haivutwi kwa mdomo. Hili sielezi.

7. Kuhusu ajira yenyewe, maana ndilo mnaloniuliza kila mkinikuta peke yangu.

Mnataka kujua lini mtatoka kuchukua sampuli mkakae kwenye mashine kubwa. Mnadhani mchukua sampuli ni mtu wa chini. Jamani, hakuna mashine duniani inayoweza kuitengeneza sampuli iliyoharibikia bombani. Isitoshe, koloni za E. coli, bakteria wa kinyesi, unazihesabu kesho. Mtu ameshayanywa maji leo. Klorini na tabiditi unazopima wewe pale uwanjani ndizo pekee zinazomwahi kabla hajainua kikombe. Nikipewa kuchagua, mtu wangu bora nampeleka bombani, na mashine nampa anayependa kukaa.

Kwenye usaili huwa siulizi tena tundu la filta ya kunasia bakteria ni mikromita ngapi. Kila mtu anajibu 0.45 kabla sijamaliza swali. Nauliza: nieleze siku uliyoharibu kipimo. Anayesema hajawahi, namshukuru kwa kufika. Kuna mmoja alifikiri sana, akasema aliwahi kuzisahau sahani ndani ya inkubeta (kabati la joto la kuoteshea) ya nyuzi 44 wikiendi nzima, akazikuta zimekauka, akamwandikia mteja kwamba hana matokeo na sababu yake. Huyo tulimchukua siku hiyohiyo.

Vyeti tafuteni, bila shaka. Ujue ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, inataka nini, maana maabara inayotafuta ithibati itakuhitaji. Mkaguzi akija atatoa kwenye kabati ripoti moja ya miezi mingi nyuma na kukuambia umwonyeshe nani alichukua, chupa gani, bafa gani, nani alihesabu. Siku hiyo daftari chafu lenye ukweli litakupendeza kuliko safi lililonakiliwa upya Ijumaa jioni. Na tafadhali, kosa lipigwe mstari mmoja, libaki linasomeka, utie saini. Kopo la wino mweupe nikilikuta kwenye droo ya mtu tutaongea mlango ukiwa umefungwa.

Nilikuwa na namba ya nane, ila imenitoka. Nadhani ilihusu kuandika jina kwenye chupa kabla haijalowa.

Yule wa chupa ya Jumatatu nilimrudisha akachukue upya sampuli zote nane. Alinuna, akaenda. Alirudi saa kumi na nusu, jasho hadi kwenye miwani, chupa zimesimama wima ndani ya kisanduku cha barafu. Nikachukua fomu ya makabidhiano nikaanza kuipitia. Kwenye safu ya maelezo, mbele ya chupa ya sita, alikuwa ameandika kwa mwandiko wa kubanana: "Kizibo kilianguka chini, nikakirudishia. Naomba isipimwe." Tukaimwaga, tukapima saba.