Barua zenu, mwisho wa mwaka 2022: Rais Biden kasema ataikomboa Iran. Kwani kaombwa?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari, Tanga. Klabu yetu ya mdahalo imechagua mada: "Rais wa Marekani awaunge mkono waziwazi wanaoandamana Iran." Wanafunzi wamegawanyika. Kundi moja linasikiliza Idhaa ya Kiswahili ya Radio Tehran, linasema fujo zote zimepikwa Washington. La pili ni la Sauti ya Amerika. Hao wanataka Biden aseme zaidi, na kijana mmoja anataka apeleke ndege za kivita kabisa. Wewe uko huko, na uliwahi kuandika kwamba unatunza mzee wa Kiirani. Kiongozi wa Marekani afanye nini hasa?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hebu nianze na huyo mzee, maana mengi nitakayokwambia nimeyapata jikoni kwake.

Namtunza hapa Los Angeles, mwaka wa sita sasa. Ni mwanamke wa miaka 78, mzaliwa wa mji wa Shiraz, Iran, nami namwita Bibi. Siku ya kwanza nilipomwambia kwamba kwetu Mombasa kuna watu wanaojiita Washirazi, na kwamba huko Kilwa wanasimulia habari za wana wa sultani waliotweka matanga kutoka mji wake, alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza: "Mtaa gani?" Tangu hapo tukawa mashoga. Chai anakunywa kwenye kigilasi, na sukari haitii ndani. Anabana donge la sukari kwa meno, chai ipite hapo hapo. Mimi nami nimeshaiga, na daktari wa meno ameshaniuliza.

Chumbani kwake kuna kioo kikubwa cha ukutani. Nyuma ya kioo, si mbele, kuna picha ya mzee mwenye pua ndefu na upara: Mohammad Mosaddegh, waziri mkuu aliyetaifisha mafuta ya Iran mwaka 1951, mafuta yaliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Waingereza. Tarehe 19 Agosti 1953 akapinduliwa, na waliopanga ni CIA, majasusi wa Marekani, pamoja na wenzao wa Uingereza, na shah, yaani mfalme, akabaki na nchi. Baba yake Bibi alikuwa mwalimu kama wewe. Usiku ule aliitungua picha ukutani akaichomeka nyuma ya kioo, asije mtu akaiona. Bibi alipohama miaka ya themanini alihama nayo. Na hapa Los Angeles, ambapo hakuna askari atakayemuuliza, bado ameichomeka nyuma ya kioo.

Kwa hiyo lile kundi lako la Radio Tehran lisichekwe. Madeleine Albright, akiwa waziri wa mambo ya nje, alikiri mwaka 2000 kwamba Marekani ilikuwa na mkono. Obama akakiri tena Cairo mwaka 2009. Na CIA wenyewe nyaraka zao zikatoka 2013. Utawala wa Tehran unaposema "Mmarekani yuko nyuma ya haya", haujabuni jini. Unatumia jini la kweli, lililokwisha kuingia nyumba hiyo mara moja.

Ila safari hii jini halimo. Mahsa Amini alikuwa msichana wa miaka 22 kutoka Saqqez, mji wa Wakurdi. Polisi wa maadili walimkamata Tehran kwa ajili ya hijabu yake, na siku tatu baadaye, tarehe 16 Septemba 2022, akafa, maandamano yakaanza. Wasichana wa shule waliovua mitandio na kuipungia hewani hawakuwa wamepigiwa simu na mtu yeyote wa Washington. Hata kauli yao, zan, zendegi, azadi, yaani mwanamke, maisha, uhuru, ilitoka kwa Wakurdi kabla ya kusemwa Kifarsi. Hayo ni mambo yao, wameyaanzisha wenyewe.

Sasa Biden. Tarehe 3 Novemba alikuwa kwenye mkutano wa kampeni hapa hapa California, akasema tutaikomboa Iran. Halafu kama aliyeshtuka na ulimi wake, akaongeza kuwa watajikomboa wenyewe karibuni. Tulikuwa tunatazama wote. Bibi alitafuta rimoti, akazima televisheni, akasema neno moja tu: "Amewapa." Sikumwelewa mpaka kesho yake. Tarehe 4 Novemba ndiyo kumbukumbu ya kutekwa ubalozi wa Marekani mwaka 1979, siku ambayo watawala hujaza watu barabarani Tehran. Ebrahim Raisi, rais wa Iran wakati ule, akasimama akajibu kwamba Iran ilikombolewa miaka 43 iliyopita. Mtu wa kampeni katafuta makofi, mtawala kapata hotuba bila jasho.

Usije ukadhani Bibi anataka Marekani inyamaze. Hapo ndipo mimi na yeye tunapogombana. Mwaka 2009, watu walipojaa mitaani wakisema kura za mgombea urais Mir-Hossein Mousavi zimeibwa, Obama alijizuia, akaogopa kuonekana anaingilia. Waandamanaji wakawa wanaimba jina lake kwa kejeli, wakimuuliza yuko nao au yuko na watawala. Mimi nilimtetea, Mkenya nifanyeje? Bibi hakunisamehe mpaka Oktoba 2022, Obama aliposema mwenyewe kwamba kule kusita kulikuwa kosa. Siku hiyo chai niliandaa mimi, bila kuambiwa.

Kwa hiyo kunyamaza kulikuwa kosa, na kujigamba ni kosa. Lakini makosa haya hayalingani uzito, na hili ningependa wanafunzi wako walijadili kuliko yote. Tarehe 15 Februari 1991, Rais George Bush mkubwa aliwaambia Wairaki wachukue hatamu wenyewe wamng'oe Saddam Hussein. Wakamsikia. Mwezi Machi Washia wa kusini wakainuka, Wakurdi wa kaskazini wakainuka. Jeshi la Marekani lilikuwa hapo hapo jirani, na katika mazungumzo ya kusimamisha Vita vya Ghuba majenerali wake walikuwa wameruhusu helikopta za Iraki ziruke. Zikaruka, zikawapiga walioinuka. Maelfu wakauawa, na aliyewaambia wainuke hakuja. Yule kijana wako wa ndege za kivita muulize hivi: rais akisema "tuko nyuma yenu", yuko nyuma umbali gani?

Basi afanye nini? Nitakwambia kinachogusa simu ya Bibi, maana hicho ndicho kipimo changu.

Kila Ijumaa Bibi humpigia mdogo wake Shiraz. Kuanzia tarehe 21 Septemba serikali ya Iran ilibana WhatsApp na Instagram, ikawa tunapiga na kupiga, duara linazunguka tu. Wairani wana programu za kupenyea vizuizi. Wanaziita filtershekan, kivunja-chujio, na hata bibi wa miaka sabini kule anajua ipi imekufa wiki hii na ipi iko hai. Kisichojulikana na wengi ni kwamba Mwirani alikuwa anafungiwa mlango pande mbili. Serikali yake inamfungia, na makampuni ya Marekani yanamfungia pia, kwa kuogopa faini za vikwazo vya Marekani dhidi ya Iran: hakuna kukodi nafasi kwenye kompyuta zao, hakuna kununua hiki wala kile. Tarehe 23 Septemba, wiki moja kamili baada ya kifo cha Mahsa, Wizara ya Fedha ya Marekani ilitoa leseni mpya iliyopanua ile ya zamani ya mwaka 2014, ikaruhusu makampuni kuwauzia Wairani huduma nyingi zaidi za intaneti. Karatasi kavu ya kisheria, hakuna aliyeipigia makofi. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la maana kuliko yote waliyoyafanya tangu Septemba. Intaneti ya setilaiti nayo wanaisifu, sawa, lakini inataka kisahani juu ya paa, na kisahani lazima kiingie kwa magendo. Mdogo wake Bibi hapandi paa.

La pili, kuwaachia wengine mbele. Tarehe 24 Novemba, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura ya kuunda tume ya kuchunguza ukandamizaji Iran: 25 wakakubali, 6 wakakataa, 16 hawakupiga upande wowote. Waliopeleka hoja ni Ujerumani na Iceland. Jaribu kusema Iceland ilimpindua Mosaddegh.

La tatu ni mlango, na hapa viongozi wa Marekani wa vyama vyote hunitia hasira. Unawaambia watu wewe ni rafiki yao, wakikimbia unawafungia. Mwaka 2017 Trump alipiga marufuku Wairani kuingia, na mwaka uliofuata akajisifu kwamba yuko na waandamanaji wao. Nyinyi Watanzania mnaijua ladha yake, mlitiwa kwenye orodha mwaka 2020 upande wa bahati nasibu ya viza. Biden aliifuta amri ile siku aliyoapishwa, mwaka 2021. Lakini ubalozi wa Marekani hakuna Tehran tangu 1980; mwaka huu wa 2022 aliyetaka viza ilimbidi afunge safari hadi miji ya nje kama Ankara, Yerevan au Dubai, na mwanafunzi aliyetafutwa na polisi nauli hiyo angeitoa wapi?

Vikwazo siviwezi kwa barua moja. Niseme tu kwamba dawa zimeruhusiwa kwenye karatasi, ila benki zinaogopa kupitisha malipo, na mdogo wake Bibi dawa zake wiki hii zipo, wiki ijayo hazipo. Kumwekea vikwazo mkuu wa polisi wa maadili ni jambo jingine, hilo halimkoseshi mtu kidonge.

Kwenye mdahalo mimi ningesimama upande wa "aunge mkono", mradi wanifutie lile neno "waziwazi".

SWALI: Asalaam aleikum Bi Shangazi. Niko Muscat, tunaitazama Iran ng'ambo ya maji. Mbona Marekani inalia na wanawake wa Iran tu? Marafiki zao wa Ghuba hawawaoni? Si unafiki huu?
Msomaji, Muscat

JIBU: Waaleikum salaam. Ni unafiki, sikufichi. Julai 2022 Biden alikwenda Jeddah akagonganisha ngumi na Mohammed bin Salman, mrithi wa ufalme wa Saudia, na ni Biden huyo huyo aliyewahi kuahidi kwamba Saudia ataifanya itengwe kwa mauaji ya mwanahabari wa Saudia, Jamal Khashoggi, yaliyotokea Istanbul tarehe 2 Oktoba 2018. Kila Mwirani kaiona picha ile. Ndiyo maana nasema maneno ya Washington yana bei ndogo sokoni, afadhali walete leseni na viza. Lakini wewe na mimi tusijifiche nyuma ya unafiki wa Biden. Binti wa Saqqez amekufa, na kufa kwake hakupungui kwa sababu aliyelia ni mnafiki. Nyinyi wa Oman mmekuwa mkiwapatanisha Marekani na Iran kimya kimya miaka mingi. Mazungumzo ya siri yaliyozaa mkataba wa nyuklia wa 2015 yalianzia kwenu. Wasemeeni hata wafungwa.

SWALI: Mama, hujambo? Mimi ni Mkongomani, dereva wa lori, Columbus, Ohio. Nimeapa uraia mwezi wa nane. Kazini nina rafiki Mwirani, ananiomba nipigie simu mbunge wangu. Itasaidia nini? Nikisema Kiingereza changu watanicheka.
Dereva, Columbus

JIBU: Sijambo, baba, na hongera kwa kiapo. Hawatacheka. Atapokea kijana aliyechoka, atakuuliza jina na namba ya posta ya mtaa wako, ataandika unataka nini, basi. Wanahesabu. Mimi nilipiga nikiwa nimeegesha gari nje ya duka la Waajemi, yaani Wairani, mtaa wa Westwood hapa Los Angeles, Bibi amekaa pembeni akinisahihisha.

Usiombe makombora. Omba leseni ile ya intaneti isije ikabanwa, omba waliokimbia wapewe njia, na omba mbunge wako aseme jina la mfungwa mmoja, mmoja tu, kila mwezi, bila kuchoka. Hili la kuchoka ndilo linalonitisha. Novemba 2022, wakati wa Kombe la Dunia, kila mtu hapa alikuwa Mwirani. Timu ya Iran ilipokataa kuimba wimbo wa taifa kabla ya mechi na Uingereza, watu walilia. Shirikisho la soka la Marekani nalo likachapisha mtandaoni bendera ya Iran bila nembo yake ya katikati, eti kwa kuwaunga mkono wanawake, halafu likairudisha. Iran ikapata siku mbili tatu za kulalamika kwa FIFA na kuzungumzia bendera badala ya maiti. Tarehe 29 Marekani ikaifunga Iran moja bila, na simu za wanahabari kwa Waajemi wa Westwood zikaanza kupungua siku ile ile.

Mwalimu wa Tanga aliniuliza kama Bibi ana neno kwa wanafunzi wake. Nilimuuliza Ijumaa iliyopita, lakini hakunisikiliza, kwa sababu kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu simu ilipokelewa Shiraz. Walizungumza dakika nne. Siasa hawakuitaja hata kidogo, simu zina masikio. Walizungumza bei ya mchele na goti la mdogo mtu. Mwishoni nikasikia jina la Mombasa, wakacheka wote wawili. Nikamuuliza anasemaje.

"Anauliza," Bibi akasema, "kama mtaa umeshaupata."