Pateni ya chupi: hangaika na kipande cha nyuma

Nilipojifungua mtoto wangu wa pili kwa upasuaji, kovu lilipona vizuri, lakini chupi zangu zote zikawa hazivaliki. Lastiki ya kiunoni ilikaa palepale juu ya kovu: nikikaa inachoma, nikiinama inajikunja. Nilizunguka Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kutafuta za pamba zinazopanda hadi kitovuni. Zilizonitosha kiuno zilibana mapaja, na zilizonitosha mapaja zililegea tumboni. Za mitumba siwezi kuvaa, na TBS yenyewe, shirika la viwango la Tanzania, imezipiga marufuku nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa. Cherehani ninayo nyumbani, basi nikaamua kujishonea.

Ya kwanza haikuvalika. Nilichukua chupi kuukuu, nikailaza juu ya gazeti, nikaizungushia kalamu, na nyuma nikaichora sawasawa na mbele. Hilo ndilo kosa nililoliona kwa karibu kila mwenzangu aliyejaribu. Kitambaa cha nyuma kina safari ndefu: kinatoka msambani, kinazunguka makalio yote, ndipo kifike kiunoni. Urefu usipotosha, kitajivutia popote kinapoweza. Kiuno kitashuka ukiinama na katikati kitazama ndani. Watu wakiona chupi inaingia makalioni hudhani ni kubwa, wanaipunguza, na inazidi kuingia. Mara nyingi ni fupi au nyembamba nyuma.

Kwa hiyo pima mwili, achana na chupi kuukuu iliyokwisha kuvutika. Funga kamba pale unapotaka lastiki ikae. Mimi naifunga kitovuni, mbali na kovu. Pima mzunguko wa hiyo kamba, mzunguko wa makalio penye unene zaidi, kisha pitisha futi kutoka kwenye kamba mbele, katikati ya miguu, hadi kwenye kamba nyuma. Mwombe dada au rafiki akusomee namba, maana ukijipinda kusoma mwenyewe futi inasogea. Mimi nilipata kiuno 84, makalio 108, na huo urefu wa kupitia chini sentimita 78. Nikaugawa hivi: mbele 30, kipande cha msamba 14, nyuma 34.

Kabla ya kuchora pateni, yaani karatasi ya kukatia kitambaa, jaribu kitambaa. Shika sentimita 10 za upande unaovutika zaidi, uzivute kwenye rula. Zikifika 15 bila kulazimisha na zikarudi zilipokuwa, kitambaa kinafaa. Upande huo ndio unaozunguka mwili. Na kifue kwanza, kwa sababu pamba ya tisheti hunywea.

Upana nilipunguza asilimia 10, ikawa 97 badala ya 108, ili chupi ishike mwili. Urefu sikuugusa. Kwenye karatasi ya kaki unachora nusu tu, kwani kitambaa kitakunjwa: mbele nilichukua 23, nyuma 25 na nusu. Msamba, penye wembamba zaidi, uwe kama sentimita 7 kitambaa kikifunguliwa. Mviringo wa paja uingie ndani mbele, ambako mguu unakunjwa, lakini nyuma uwe wa taratibu, la sivyo utabaki nusu wazi. Ukimaliza, unganisha karatasi mbili ubavuni uutazame mstari wa paja. Ukiona kona, irekebishe hapo hapo. Kona ya karatasi itakuwa mkunjo kwenye nguo. Nafasi ya mshono ongeza mwishoni.

Jaribio nilishona kwa tisheti ya mtumba ya soko la Karume. Usishone lastiki moja kwa moja, ishikize kwa mshono mrefu unaofumuka kirahisi. Kisha ivae, ukae kwenye kigoda, uchuchumae, unyanyue mguu kama unayepanda daladala. Kusimama mbele ya kioo hakutakuonyesha tatizo. Mimi nikisimama ilikuwa safi, nikichuchumaa kiuno cha nyuma kilishuka karibu vidole viwili. Vipimo nilivichukua nimesimama, na mwili ukikunjwa unarefuka nyuma.

Nilichofanya ni kupitisha mkasi mlalo kwenye karatasi ya nyuma, usawa wa makalio, kuanzia katikati kuelekea ubavuni, nikabakiza uzi tu wa karatasi bila kukata. Nikafungua katikati sentimita 2, ubavuni sifuri, nikabandika kipande cha gazeti kwenye mwanya. Ubavu ulibaki urefu wake, ukaungana na wa mbele bila shida. Kiuno hakikushuka tena.

Lastiki ya paja ina siri yake. Tundu langu lilikuwa sentimita 58, lastiki nikakata 52. Nilianza kwa kuivuta sawasawa mzunguko mzima na ikanichora alama nyekundu kinenani. Siku hizi mbele naishona bila kuivuta, mvuto wote unakwenda nyuma, chini ya kalio. Ya kiuno nakata 76, na juu ya tumbo lenye kovu nachagua pana na laini.

Mshono uwe wa zigizaga, na sindano iwe ya ncha butu, isiyotoboa nyuzi za kitambaa. Kama cherehani yako ni ile nyeusi ya kukanyaga yenye mshono mnyoofu pekee, vuta kitambaa kidogo wakati unashona, la sivyo uzi utakatika siku ya kwanza ukivaa. Kipande cha ndani cha msamba kiwe pamba tupu, hata kama nje umeweka kitambaa cha kung'aa. Hapo pasipopitisha hewa utajuta kwa joto la Dar.

Sentimita 80 za kitambaa chenye upana wa 150 zinanitoshea chupi mbili. Karatasi yangu ya kaki naining'iniza nyuma ya mlango, nimeiandika tarehe na vipimo, na nikinenepa au kupungua napima upya, naanzia nyuma.