Barua kwa mwanangu: nani huwasha taa ya mwambani?

Tanga

Mwanangu,

Uliniuliza kwenye simu: jioni ukiwa Ras Kazone unaona taa zinapepesa baharini, wala huko mwambani hakai mtu. Nani huziwasha?

Giza lenyewe. Zamani alikuwa mlinzi. Mwamba wa Eddystone, Uingereza, ulijengewa mnara wa taa mwaka 1698, na walinzi wa mwisho waliondoka 1982. Lakini njia ilikwisha kupatikana mwaka 1907, Gustaf Dalén wa Uswidi alipobuni vali ya jua, yaani kilango kinachofungua na kufunga gesi ya taa.

Ndani ya kioo husimama fimbo nne za chuma: tatu zimeng'arishwa, ya katikati imepakwa rangi nyeusi. Mchana ile nyeusi hunyonya mwanga, hupata joto na kurefuka kuzishinda zile zinazourudisha mwanga. Urefu huo mdogo husukuma wenzo, wenzo hufunga gesi. Jua likizama fimbo hunywea, gesi hupita na kushika kwenye kimoto kidogo kisichozimwa. Gesi yenyewe ni asetilini, ambayo ikishindiliwa peke yake hulipuka. Kwa hiyo huyeyushwa katika asetoni, ndani ya mtungi uliojazwa kitu chenye vitundu kama sifongo. Dalén alipofuka katika mlipuko wa majaribio mwaka 1912, mwaka huohuo aliopewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Ninachokipenda mno katika vali ile ni kwamba ikikosea, hukosea upande wa usalama. Kioo kikichafuka, au wingu la masika likitanda, taa huwaka mchana. Gesi hupotea, chombo hakipandi mwamba.

Taa za sola za leo zina jicho la mwanga badala ya fimbo, na adui wao ni ndege. Kinyesi kikiziba jicho, taa huwaka kutwa. Kikifunika na paneli, betri haichaji, na baada ya siku chache taa hufa usiku, wakati inapotakiwa. Ndiyo maana huwekewa miiba juu. Paneli ioshwe kwa maji baridi, kwani ya bahari yakikauka huacha utando wa chumvi. Vichwa vya betri vikwanguliwe, vikazwe, vipakwe grisi.

Kwa hiyo ukiwa mashuani na wajomba zako mkaona taa inawaka saa sita mchana na jua kali, msiseme ni nzima. Kawaambieni watu wa bandari siku hiyohiyo.